Pleti ya Pili

Siku hizi kiwanda hakimwiti mtu kumwambia amepunguzwa. Kinazima pleti moja ya jiko lake. Umeme wa nyumba zetu unatoka kiwandani, pleti moja kwa kila mfanyakazi, na sisi tulikuwa nazo mbili kwa sababu mimi na mume wangu wote tunasugua mapanga ya mitambo ya upepo.

Leo asubuhi nilibandika chai na maharage. Chai ikachemka. Maharage yakabaki baridi.

"Labda waya, Mama Lusajo," mume wangu akasema.

"Labda," nikajibu, ingawa kwa jirani kulianza hivyohivyo.

Jiko halisemi ni nani. Tukavaa sare zetu wote wawili, tukanywa chai bila kutazamana, tukaenda. Lango la kiwanda hufunguka kwa kiganja, na aliyepunguzwa halimfungukii.

"Tangulia wewe," akaniambia.

"Hapana, Baba Lusajo. Wewe ndiye mkubwa."

Nyuma yetu foleni ikaanza kunung'unika. Akafuta kiganja kwenye suruali, akakiinua. Nikafumba macho, nikaomba lango lisimfungukie.