Moja Juu ya Tano

Wangwe alimpa Namba Kumi na Nne alama moja juu ya tano, na hata hiyo moja alijiona ametoa sadaka.

Kazi yake, katika chumba cha nyuma ya duka la vifaa pale Nyamongo, ilikuwa kupima maagizo. Wafanyabiashara wa wilayani walikuwa wanajifunza kumwagiza msaidizi wa akili mnemba awaandikie programu za kompyuta. Wao waliandika wanachotaka, mashine ikaandika programu, na Wangwe akasema kama agizo lilieleweka au lilikuwa kelele tu. Majina hayakuonekana. Kila mwandishi alikuwa na namba yake, na mpimaji aliitwa mpimaji basi.

Namba Kumi na Nne alitaka programu ya kupanga foleni ya malori. Agizo lake la kwanza lilikuwa sentensi moja: "Tengeneza ile kitu ya malori, na usiniharibie." Wangwe alicheka mpaka mwenye duka akachungulia. Kisha akaandika maoni:

"Dogo, mashine haikai kichwani mwako. Kitu gani? Kuharibu ni kufanya nini? Sema lengo, sema mipaka, sema isiguse nini, toa mfano, na useme ikikwama imuulize nani. Nani alikufundisha kuagiza?"

Watu wa kwetu hatujui kupamba maneno. Mkurya akikusalimia na wewe ni mgeni, unaweza kudhani unakamatwa. Lakini Wangwe alizidi. Tangu apate kazi ile alipima kila kitu: mahubiri ya Jumapili, salamu za majirani, hata jogoo wa jirani anavyowika. Siku moja, mbele ya wageni, akampimia mkewe Lilian mchuzi wa nyama. Mbili juu ya tano, alisema, chumvi haina mpangilio. Lilian alikusanya nguo zake, akambeba mtoto, akarudi kwao.

Sasa ilikuwa wiki ya sita. Wangwe alikula ugali aliousonga mwenyewe, ambao, haki ya Mungu, haukustahili hata hiyo moja. Kwenda kumchukua mkewe hakuweza. Mwenye neno kule alikuwa mama mkwe, mama mwenye biashara zake, na kwa mila zetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Katika miaka tisa ya ndoa walikuwa hawajasemezana hata neno. Akimwona anakuja kwa mbali, Wangwe alikata kona akaingia kwenye mahindi ya watu.

Kwa hiyo alimtuma mzee Tomaso, mshenga aliyemposea Lilian. Mzee alikwenda mara tatu, na mara tatu akarudi na jibu lile lile: mama anasema huyo mwanaume ajifunze kwanza kusema na watu.

Wangwe akaona anaonewa. Hasira zote akazimalizia kwa Namba Kumi na Nne. Agizo la pili, moja. La tatu, moja, na swali kama dogo alipita shule au aliipita tu njiani.

Namba Kumi na Nne naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Chini ya agizo la nne aliandika: "Mpimaji, unanisahihisha kama vile unanilisha. Nyumbani kwako wanakuvumilia?"

Swali hilo lilimpata pabaya. Wangwe hakuwa na mtu wa kumweleza shida zake, akajikuta anaandika yote:

"Dogo, mke wangu kaondoka kwa sababu ya mchuzi, na mama yake amemkalia kama mzigo ulioshikwa forodhani. Yule mama ni mgumu kuliko hata wewe. Lakini nikwambie ukweli, namkumbuka mke wangu mpaka chakula hakipiti. Akirudi sitapima tena hata maji ya kunywa. Haya, rudia kazi yako. Moja juu ya tano."

Siku tatu Namba Kumi na Nne hakuandika kitu. Wangwe akajisemea kwamba kijana ameona haya. Vijana wa siku hizi ukiwafungulia moyo wanakimbia.

Siku ya nne agizo likaja, na Wangwe akalisoma mara mbili. Lengo lilikuwa wazi. Mipaka ilikuwepo, na mfano wa lori moja kuanzia linapoingia mpaka linapotoka. Mashine isiguse orodha ya zamani. Ikikwama isimame iulize, isibuni. Programu ilifanya kazi mara ya kwanza tu ilipojaribiwa. Wangwe alitoa tano, tano yake ya kwanza tangu aanze kazi, na macho yakamlowa kidogo kwa majivuno ya mwalimu.

"Dogo," aliandika, "sasa hata mtu unaweza kumwagiza akaelewa."

Kesho yake mchana mzee Tomaso alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka. Wangwe akamwamkia shikamoo. Mzee alisema safari hii mama hakutaka kutuma maneno ya mdomo, akatoa karatasi iliyokunjwa. Wangwe aliipokea kwa mikono miwili, amesimama wima, kwa heshima zote za mkwe. Akaifungua.

"Lengo: Lilian na mtoto warudi kwako Jumamosi.

Mipaka: asipewe alama kwa chakula, kwa usafi, wala kwa jambo lingine lolote.

Usiguse: chumvi.

Mfano: 'Mama watoto, chakula kizuri, asante.' Useme hivyo hivyo, usiongeze.

Ukikwama, simama umuulize Lilian. Usibuni.

Na kama agizo hili halijaeleweka, mpimaji, niandikie pale pale tulipozoea. Ni mimi, dogo."