Mkondo wa Masalu

Siku hizo mtu alipofariki, kumbukumbu zake zilitiririshwa mara moja tu, tangu utotoni hadi pumzi ya mwisho, zikaingia katika kihifadhi cha familia. Kihifadhi kilikuwa kidogo. Kila kilipojaa, jamaa alizihamishia kwenye ghala la nyumbani ili zinazofuata zipate nafasi. Zilizokosa nafasi zilipotea.

Baada ya kumzika Masalu, mjane wake Nyanjige aliketi na kihifadhi mapajani.

"Mama, taa ikiwa nyekundu, kimejaa; bonyeza hapa zihamie ghalani," binti yake Kabula alimwambia. "Usisikilize sasa. Tutasikiliza baadaye." Kisha akatoka kuwapokea waombolezaji.

Nyanjige alijaribu kujizuia, akashindwa. Akakiweka sikioni. Akamsikia mtoto akicheka huku akifukuza ndama, kisha akimlilia mama yake. Mumewe hakuwahi kumsimulia hayo. Alifumba macho, machozi yakamtoka, na taa hakuiona.

Kabula aliporudi, mkondo ulikuwa umekwisha.

"Mama! Hukubonyeza?"

"Alikuwa mdogo sana, mwanangu. Alikuwa analia."

Kabula alitafuta kumbukumbu ya mwisho iliyosalia, wakaisikiliza pamoja. Masalu, kijana sasa, alikuwa akipiga pasi shati na kumwambia rafiki yake, "Kesho nakwenda Magu, kuna harusi."

Sauti ikakatika.

"Ndiko tulikokutana," Nyanjige akasema. "Kwenye hiyo harusi."

Kabula alimshika mkono. Mama yake akaomba airudie tena.