Mwavuli wa Msoma Hali ya Hewa

Wiki nzima Sikudhani alisoma redioni habari ileile: joto la kiangazi linakatika, mvua kubwa na upepo mkali hadi Jumapili. Ikanyesha kila siku, na watu wakamnunia kana kwamba mawingu anayafuga yeye. Hata muuza maziwa alimwuliza, "Hivi dada, hii mvua yako utaimaliza lini?"

Jumamosi mchana alifika kwenye harusi ya jirani, mwavuli mkononi. Bi Tausi, mama wa bi harusi, alimwahi mlangoni. Nyuma yake viti vilipangwa uwanjani bila kivuli, kwa kuwa turubai lilichanwa na upepo juzi.

"Leo umesema nini?"

"Itanyesha, mama."

"Basi huo mwavuli uache nje, mwanangu. Wageni wakikuona nao, hakuna atakayekaa."

Sikudhani alikuwa amechoka kubishana. Akauegemeza ukutani, akaenda kuketi mstari wa mbele alikoonyeshwa. Ngoma ikaanza. Tone la kwanza lilipomdondokea shavuni, hakulifuta. Uwanja mzima ulikuwa ukimtazama yeye. Hakuna aliyetazama juu.