Mfuko wa Pili

Tunu alikwisha kupasuliwa na kutolewa mfuko wa nyongo, lakini maumivu yalirudi vilevile, hata mumewe, Kibwana, akamwambia anajitia ugonjwa. Leo daktari aliwageuzia kioo cha ultrasaundi.

"Mfuko wa nyongo huu hapa."

"Si mliutoa?" Tunu aliuliza.

"Tulitoa mmoja. Wewe ulizaliwa na miwili. Huu ulijificha kwenye ini, hatukuuona. Itabidi tukupasue tena."

"Kwani binadamu ana mingapi?"

"Mmoja tu, mama."

Tunu hakujua afurahi au alie. Alimtazama mumewe. Kibwana alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akimlazimishia mkewe kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia.