Kiatu cha Kushoto

Jirani anayefagia duka kubwa la viatu anaapa kwamba aliona kwa macho yake haya mawili. Shangazi, kama mtaa mzima unavyomwita, aliingia na fimbo yake, akainua kasha la kioo, akatoa kiatu cha kushoto, akakitia kikapuni. Halafu akamuaga mlinzi: "Kazi njema, mwanangu."

"Mwizi gani hakimbii?" jirani akacheka. "Na kiatu kimoja ni cha nini?"

Adhuhuri meneja wa duka alikuwa mlangoni kwa Shangazi, shati limemganda mgongoni. Shangazi alikuwa kwenye kigoda akimenya viazi. Hakuinuka.

"Mama, kile si kiatu cha kuvaa, ni historia. Ndiyo raba ya kwanza ya kampuni yetu. Kisigino kile kinene kinavaliwa na wakimbiaji, na wanamuziki, hata maharusi! Mwanzilishi wetu alikibuni baada ya kumtazama swala akiruka."

"Swala!" Kiazi kilimponyoka Shangazi. "Baba yangu alikuwa fundi viatu. Kisigino kile alikikata kwenye tairi, akakitandika sponji ya godoro langu. Nililala juu ya chaga mpaka siku ya ndoa! Huyo mwanzilishi wenu alikuja kuazima, aangalie mshono tu. Mpaka leo anaangalia."

"Sasa kama ni mali yako, mbona hukuchukua vyote viwili?"

"Cha kulia baba hakukishona. Mimi sichukui cha mtu."

Vijana wawili wakapita barabarani, visigino vinene vimewanyanyua kama majogoo. Shangazi akawaonyesha kwa kisu.

"Watazame. Wanaringa kwa jasho la baba yangu, na jina lake hawalijui."

"Nitaita polisi."

"Waite. Waje na rula."

Meneja akafuta uso. Sauti ikamshuka.

"Nakuomba, mama. Kibarua changu kitaota nyasi. Nirudishie kile kiatu."

Shangazi akaweka kisu chini. Akatoa kiatu kikapuni, akakivaa mguu wa kushoto, akakaza kamba. Mguu wa kulia akauacha na ndala yake nyembamba.

Kisha akasimama. Mguu mfupi ukalingana na mrefu, mabega yakawa sawa kama mizani, akampita meneja akashika njia ya sokoni, fimbo ameiacha imelala kando ya viazi.