Sabuni ya Mzee

Dakika tatu kabla ya mbio za magari, kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa ndani, na mvua haikuonyesha dalili ya kukatika.

"Usipoona mbele, huingii barabarani," msimamizi alionya.

Fundi cherehani aliyeketi usukanini akafungua kijisanduku cha dashibodi ya gari la marehemu baba yake. Kipande cha sabuni ya kufulia kilikuwa palepale, kikavu, chenye kishimo kilichochongwa na dole gumba la mzee. Kila mbio za mvua mzee alikipaka kiooni kwa ndani, ukungu ukakoma, huku akiimba kwa sauti mbovu.

"Paka, mwanangu!" baba mdogo alifoka dirishani. "Hiyo ni sabuni, si hirizi!"

"Kishimo cha mzee kitafutika, baba mdogo."

Baba mdogo akagonga paa la gari, maji yakimchuruzika kidevuni.

Injini za madereva wenzake zikanguruma. Akavua glavu, akatia dole gumba lake kishimoni. Likakaa kama lililopimwa, naye akaanza kupaka.