Mwalimu wa Mbeya

Kitendawili. Nimemfuga mwenyewe, namlisha mwenyewe, na ananila mwenyewe. Umeshindwa? Basi nipe mji, jibu utalikuta njiani.

Kila siku saa kumi na moja jioni, hapo Kihesa, Iringa, Rozalia alisimama nyuma ya pazia la chumba cha mjukuu wake, ungo wa mahindi kiunoni, akipukuchua punje mojamoja zisije zikalia.

Ndani, Eveline wa darasa la tano alikuwa kitandani na tableti, nyaya za kusikilizia masikioni. Shule ilitaka watoto wafanye mazoezi ya hesabu mtandaoni, nusu saa kwa siku, na baba yake akainunua tableti hiyo, akaileta kutoka Nyololo anakofanyia kazi. Hadi hapo Rozalia hakuwa na neno. Neno lilikuja alipojua kwamba mtoto haifanyi nusu saa ile peke yake. Anaifanya na Andendekisye, bibi mzaa mama, aliyeko Mbeya. Kila mmoja na skrini yake, huku wakizungumza kwa mtandao.

Na Rozalia ndiye aliyemlea Eveline tangu alipoachishwa ziwa. Jioni zilikuwa zao wawili: mahindi katikati, vitendawili huku na huku. Sasa mahindi anapukuchua peke yake.

"Jaribu tena," alisikika Eveline. "Polepole. Ndiyo hivyo." Kisha akacheka.

Tazama, Rozalia aliwaza, hata maneno ya yule mwanamke ameshayashika.

Alimfahamu vizuri. Siku ya ubatizo wa Eveline, Andendekisye alishuka kwenye basi na miwani yenye mnyororo shingoni na gazeti kwapani, utadhani mkaguzi wa shule. Mchungaji alipomwomba asome somo, akasema miwani ile ni ya kuonea mbali. Ikabidi asome Rozalia, na la saba lake la zamani. Mwenzake akamkazia macho mdomoni neno kwa neno. Anangoja nikosee, Rozalia alijiambia, na hajamsamehe hadi leo.

"Hivi bibi yako wa Mbeya kasoma mpaka la ngapi?" alimuuliza Eveline siku moja wakila.

Mtoto aliinamia ugali, akamega tonge, akalifinyanga muda mrefu. Rozalia akaelewa: ni mbali mno, mtoto anaona aibu kumtajia bibi wa la saba.

Siku nyingine alichungulia. Kwenye skrini palikuwa na picha ya ndizi nane, tatu zimekatwa mstari. Mtoto aliyeshazijua desimali anahesabishwa ndizi, na huyo ndiye msomi wa Mbeya. Alitaka kucheka, lakini papo hapo Eveline alianza kumtegea yule bibi kitendawili. Si kitendawili cha barabarani. Ni kile ambacho Rozalia alikitunga mwenyewe, mtoto alipougua surua, ili asijikune.

Kesho yake chaja ilipotea. Ilikuwa ndani ya kiroba cha unga, na Rozalia ndiye aliyeizika humo. Eveline alipekua nyumba nzima, kisha akakaa kizingitini kulia.

"Atasahau yote," alisema.

Kilio kimemchanganyia maneno, Rozalia aliwaza. Lakini machozi ya yule mtoto hakuwahi kuyaweza. Siku ya tatu chaja ikaonekana mezani, ina vumbi jeupe, na hakuna aliyeuliza.

Likizo ya Desemba ikakaribia. Baba alipiga simu kuuliza mtoto ataipitisha wapi. Miaka yote jibu lilikuwa moja: haendi popote, yuko na bibi. Safari hii Eveline aliichukua simu mwenyewe.

"Mbeya," alisema. "Kuna kazi hatujaimaliza."

Jioni ile Rozalia aliweka ungo chini. Alipita pazia, akafika kitandani, akazichomoa nyaya kutoka kwenye tableti. Eveline alifunika uso kwa mikono.

"Mzazi mwenzangu," Rozalia aliiambia skrini, "nimeshindwa. Nakupa mji, chukua Iringa nzima. Ila niambie, wewe umesoma mpaka la ngapi, hata uninyang'anye mtoto?"

Sauti ikatoka kwenye tableti, ndogo kuliko alivyoikumbuka.

"Hata la kwanza sikulikanyaga, mzazi mwenzangu. Mwalimu wangu ni huyo hapo, ndiyo kwanza tumefika kwenye kutoa. Nilimwapisha asikwambie wewe, maana tangu siku ile uliposoma mbele ya kanisa, sijaacha kukuonea gere."